Wanyama Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Hapo zamani za kale sana, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na majirani wa kugombana nao, ukame uliishika nchi ya Ulangole kwa miaka mitatu mfululizo. Visima vikakauka. Mito ikabaki mchanga mtupu. Maji yakasalia mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ya Mawe Meupe, na wanyama wote wa nchi ile wakahamia hapo na vyungu vyao na watoto wao.

Miongoni mwao alikuwapo pimbi mmoja aliyeitwa Sikitu. Alikuwa mdogo, wa kuenea ndani ya chungu cha mboga, na hakuna aliyempisha njiani. Lakini alikuwa na kazi moja aliyoijua vizuri. Pimbi wana desturi ya kuhesabiana kabla ya kuingia pangoni, asije mmoja akasahaulika nje, na Sikitu ndiye aliyeuhesabia ukoo wake. Alihesabu haraka na hakukosea.

Mwezi wa pili wa kukaa pale, Simba akaja. Alikuja na wake zake wanne na mnyapara wake, Fisi. Akalala kando ya maji, akatangaza sheria yake. Kila atakayetaka kunywa lazima ajiandikishe kwa Fisi. Kila wiki, siku ya gwaride, wote watajipanga safu mbele yake. Yeye atanyanyua miguu yake ya mbele na kuonyesha kucha kadiri apendavyo, kuanzia mbili hadi kumi. Akionyesha kumi, safu ziwe za kumi kumi. Watakaobaki mwishoni bila kutimiza safu, hao ni chakula chake.

"Si mimi ninayewaua," alisema kwa upole. "Mimi sina ubaya na mtu. Hesabu ndiyo itakayowabakiza."

Fisi akapita nyumba kwa nyumba, akigusa kila kichwa na kuhesabu. Alipofika kwenye jabali la akina Sikitu, mlango wa pango lake ulikuwa ufa mwembamba, pua ya Fisi ikakwama. Sikitu na mumewe, Mwenda, walitoka nje wakahesabiwa. Ndani, nyuma ya kuni, walimwacha binti yao Tatu, mwenye miezi miwili, wakamkataza hata kupiga chafya. Fisi alinusa, akanusa tena, kisha akaenda zake.

Idadi ikatimia elfu mbili mia tano arobaini na saba.

Gwaride la kwanza Simba alionyesha kucha kumi. Wanyama walipoelewa kwamba walio nyuma ndio watakaobaki, zikaanza fujo. Nyumbu aliwapiga kikumbo swala, swala wakawakanyaga sungura, sungura wakawasukuma panya. Kila mmoja alitaka kwenda mbele ya mwenzake. Vumbi lilipotulia zilikuwapo safu mia mbili hamsini na nne, na nyuma yake wanyama saba wamesimama peke yao. Mwenda alikuwa mmoja wao. Alikuwa amempa Sikitu nafasi yake.

Sikitu hakulia mbele ya watu. Alirudi pangoni, akakamua maji aliyoyabeba kwenye manyoya yake, akamnywesha Tatu. Mtoto alipouliza baba yuko wapi, alimwambia anyamaze.

Wiki ya pili Simba alionyesha kucha tisa, wakabaki wawili. Wiki ya tatu saba, wakabaki wanne. Wiki ya nne nane, wakabaki sita. Wiki ya tano alionyesha tano, wakabaki watatu, na wiki ya sita akarudia tisa, wakabaki watano. Baada ya kila gwaride majirani walichukiana zaidi. Aliyesukumwa alimkumbuka aliyemsukuma. Hakuna aliyesema vibaya juu ya Simba, kwa sababu kweli Simba hakumgusa mtu aliyekuwa ndani ya safu.

Siku zile Sikitu alikuwa hapati usingizi wala hamu ya kula, basi akawa anakaa mlangoni mwake mchana kutwa akihesabu changarawe. Alitaka kujua kitu kimoja tu: wiki ijayo watabaki wangapi. Wanyama sasa walikuwa elfu mbili mia tano na ishirini, na changarawe zake zilikuwa idadi hiyohiyo. Akazipanga kumi kumi. Hakuna iliyobaki. Akafikiri amekosea. Akazipanga tisa tisa, hakuna iliyobaki. Akaingiwa na baridi mwilini ingawa jua lilikuwa kali.

Alizirundika upya kwa mafungu ya tisini tisini, maana tisini inagawanyika kwa kumi na kwa tisa pia, na kwa mbili, tatu, tano na sita. Akapata mafungu ishirini na nane kamili. Ishirini na nane inagawanyika kwa saba. Inagawanyika kwa nne. Iliyomsumbua ni nane. Fungu moja la tisini ukiligawa nane nane zinabaki mbili. Mafungu mawili yanabakiza nne. Lakini mafungu manne pamoja, changarawe mia tatu na sitini, yalikwisha bila kubakiza, na mafungu yake ishirini na nane yalikuwa manne manne mara saba.

Basi Simba angeonyesha kucha zozote za miguu yake ya mbele, asingepata kitu. Sikitu alikaa akizitazama changarawe zile kama anayetazama mlango uliofunguka ghafla. Halafu, kwa kuwa alikuwa mwoga na waoga hujaribu kila kitu mara moja zaidi, alizipanga kumi na moja kumi na moja. Ikabaki moja.

Akaelewa mambo mawili. Simba akikosa chakula wiki hii, Fisi ataitafuta sababu, na siku Fisi atakapoifikia kumi na moja, wamekwisha. Tena idadi hii haitadumu. Mtu mmoja azaliwe au afe, mlango utajifunga. Ilibidi Simba aondoke kabisa, na aondoke kwa kinywa chake mwenyewe.

Kesho yake alikwenda kwa Jumbe Nyati, mkubwa wa wanyama wale, akamweleza hesabu yake kwa changarawe. Nyati hakuielewa yote, lakini alielewa kwamba hakuna atakayebaki, akampa ruhusa. Kisha Sikitu akaenda peke yake hadi barazani kwa Simba. Miguu yake ilitetemeka hata kucha zake zikagonga sakafu, ka-ka-ka-ka. Mke mmoja wa Simba alimtazama jinsi mtu anavyotazama nyama isiyotosha kutia sufuriani.

"Nimeleta ombi, bwana mkubwa," alisema. "Wenzangu wananung'unika kwamba unachagua kucha kwa hila. Wanasema hesabu haina nguvu, wewe tu ndiye mjanja. Mimi nasema hesabu ni yako na inakutii."

"Wewe unasema hivyo?"

"Mimi nasema hivyo. Basi waonyeshe. Siku ya gwaride usionyeshe idadi moja tu. Onyesha zote, kuanzia mbili mpaka kumi. Kila idadi itakayobakiza watu, hao ni wako, utajumlisha mwishoni. Lakini kama kucha zako zote kumi hazitabakiza hata mmoja, wenzangu watataka kukusikia umeapa kwamba utaondoka hapa usirudi."

Simba alicheka mpaka mate yakamtoka. Wiki sita zilizopita hakuna gwaride lililomwacha bila chakula. Aliona sahani tisa kwa siku moja. Fisi, aliyekuwa amekaa pembeni akitafuna mfupa, alisema kwamba jambo hilo lifikiriwe kwanza. Simba akamwambia kazi yake ni kuhesabu vichwa, si kufikiri. Mchana uleule akaapa mbele ya wote, kwa kucha kumi za miguu yake ya mbele.

Gwaride lilikuwa baada ya siku mbili. Siku moja kabla, wakati wa adhuhuri, Nungunungu mzee aliyekaa karibu na mfereji alikutwa amekufa mlangoni kwake. Alikuwa mgonjwa wa kifua tangu zamani. Wajukuu zake walimlilia, na Sikitu alipozisikia sauti zao alikaa chini palepale alipokuwa.

Wamekuwa elfu mbili mia tano na kumi na tisa.

Alitoa changarawe moja kwenye mafungu yake, akagawa upya, na kila alichokipata kilikuwa kibaya kuliko cha kabla yake. Safu za wawili zingebakiza mmoja. Za watatu zingebakiza wawili. Za wanne, watatu. Ikaendelea hivyo hivyo mpaka safu za kumi, ambazo zingebakiza tisa. Hakuna idadi nyingine karibu ambayo ingewabakiza wengi namna ile. Akajumlisha. Wanyama arobaini na tano, kwa siku moja, na yeye ndiye aliyekwenda kumwomba Simba afanye hivyo.

Habari zilienea. Wanyama walikusanyika mbele ya jabali lake, wengine wakisema atupwe yeye kwa Simba ili kiapo kivunjwe. Pundamilia mmoja alikwisha anza kupanda mawe. Jumbe Nyati alimzuia kwa pembe, kisha akamgeukia Sikitu, macho yake mekundu.

"Niambie kitu kimoja tu," alisema. "Tunapungukiwa na wangapi?"

"Mmoja, Jumbe."

"Basi mtafute."

Kumtafuta wapi? Fisi aligusa kila kichwa, kwa hiyo huwezi kumvisha jiwe ngozi. Nchi nzima ilikuwa imehamia pale na kuandikwa, kasoro mmoja. Sikitu alimjua mmoja huyo tangu kilio cha kwanza kilipotoka kwa akina Nungunungu. Alijifanya hajui kwa sababu alitaka apate hata saa moja ya kutokujua.

Aliingia pangoni. Tatu alikuwa amekaa nyuma ya kuni, kimya, akichezea punje mbili za mtama. Sikitu alizitazama changarawe zake tena. Alihesabu upya mara nne. Katika gwaride wadogo husukumwa nyuma, na hakuna aliyekuwa mdogo kuliko Tatu. Hesabu ikipinda hata kidogo, wa kwanza kufa ni yeye. Na asipompeleka wanakufa arobaini na tano, kisha Tatu atakaa nyuma ya kuni maisha yake yote akingoja maji yanayobebwa kwenye manyoya.

"Kesho tunatoka nje," alimwambia.

"Kuna nini nje?"

"Kuna watu wengi. Utasimama pale nitakapokusimamisha, usiondoke."

Asubuhi Fisi alipopita akigusa vichwa, alimkuta pimbi mdogo ambaye hakumjua. Alisimama. Akauliza huyu ametoka wapi. Sikitu akajibu kwamba ni mwanawe, amekua, anataka kunywa maji kama wengine, na sheria haikatazi mtu kujiandikisha. Fisi alimnusa Tatu kuanzia kichwani hadi mgongoni, akaikumbuka harufu ile ya nyuma ya mlango mwembamba. Hakupata sababu ya kumkataa. Akamgusa, akahesabu.

Simba akaonyesha kucha mbili. Safu elfu moja mia mbili na sitini. Akafuatisha tatu. Hakuna aliyebaki. Nne, hakuna. Safari hii wanyama hawakusukumana, kwa kuwa Jumbe Nyati alikuwa amewaambia kwamba nafasi zote zina mtu na kila mtu ana nafasi. Walihamia mahali pao wakiwa kimya, vumbi likitimka, tifu, tifu, tifu, kwato kwa kwato. Tano. Sita. Wake za Simba waliacha kulamba midomo. Kila mara aliyesimama wa mwisho kabisa alikuwa Tatu, na kila mara Sikitu alifumba macho mpaka Fisi atamke.

Simba akaonyesha kucha saba. Safu zikapangwa. Fisi akatembea mpaka mwisho, akasimama, kisha akaanza kucheka kile kicheko chake cha chini.

"Mmoja," alisema.

Tatu alikuwa amesimama peke yake kwenye uwanja mtupu. Mbele yake safu ya mwisho imejaa. Nyuma yake hakuna kitu.

Sikitu aligawa saba saba tena kichwani, safu mia tatu na sitini kamili, na mtoto wake amesimama pale nje ya hesabu. Mke mkubwa wa Simba aliinuka, akajinyoosha, akaanza kuja polepole. Tatu hakukimbia. Aliambiwa asiondoke.

"Naomba safu zihesabiwe!" Sikitu alipiga kelele, na hakungoja kujibiwa. Alikimbia. Alipita chini ya matumbo, katikati ya miguu, kwato zikimkosa kidogo tu, akihesabu miguu badala ya vichwa. Ishirini na nane kila safu, ishirini na nane, ishirini na nane. Alifika kwenye safu ya tembo. Pale katikati, palipofichwa na miili yao mikubwa, akahesabu ishirini na nne. Akarudia. Ishirini na nne. Tembo walikuwa sita.

"Jumbe, hapa!" aliita. "Hapa pana nafasi!"

Jumbe Nyati, aliyekuwa safu ya nyuma yao, akaingia, aliyekuwa nyuma yake akasogea mbele, na safu nzima za nyuma zikasogea mtu mmoja mmoja kama shanga kwenye uzi. Sikitu aliporudi mbio hadi mwisho, alimkuta mke wa Simba amekwisha nyanyua mguu, na Tatu anasogea hatua moja mbele, kuingia nafasi ya saba. Mguu ukabaki hewani. Halafu ukashuka.

Kama Fisi aliipanga safu ile vibaya kwa makosa au kwa makusudi, mpaka leo hakuna anayejua.

Nane ikapita. Tisa ikapita. Kucha kumi zikaonyeshwa, na safu mia mbili hamsini na mbili zikasimama, zimenyooka, hakuna hata mmoja nje. Simba alishusha miguu yake. Njaa ilikuwa imemshika, na aibu pia. Fisi akajikokota hadi sikioni mwake, lakini alinong'ona kwa sauti waliyoisikia wote.

"Bwana mkubwa, wapange kumi na moja kumi na moja. Atabaki mmoja. Nimehesabu."

Sikitu aliona neno lile alilokuwa akiliogopa tangu mwanzo limetoka, na mwanawe bado amesimama wa mwisho. Akasogea mbele, karibu na Simba kuliko alivyowahi kusogea, ili sauti yake nyembamba imfikie.

"Bwana mkubwa uliapa kwa kucha kumi," alisema. "Ukucha huu wa kumi na moja ni wa nani?"

Simba aliitazama miguu yake ya mbele.

"Kwako haupo. Naona mnyapara anataka kukuazima wake. Basi kuanzia leo tujue chemchemi ina mabwana wawili, na mkubwa ni yule mwenye ukucha wa ziada."

Simba aligeuza kichwa polepole, akamtazama Fisi. Fisi akaanza kueleza kwamba hakuwa na maana hiyo.

"Tena nina swali la mwisho," Sikitu akaendelea. "Ulisema aliyebaki nje ya safu ni chakula chako, awe yeyote yule. Sisi tunaokunywa maji haya tumesimama kwenye safu mara tisa leo. Yupo mmoja anayekunywa kila siku, na hajawahi kusimama kwenye safu hata moja."

Simba alizitazama safu, pembe nyingi zimeelekea upande wake na hakuna mnyama aliyekuwa akimsukuma mwenzake. Akawatazama wake zake, nao walikuwa wamekwisha mtazama Fisi. Fisi alirudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, kisha akageuka akatimua mbio kuelekea mchangani, huku analia. Wake wanne wakamfuata. Simba alisimama kitambo, akizitafuta heshima zake, halafu naye akaenda nyuma yao kwa miguu yake, kana kwamba safari ile aliipanga tangu siku nyingi.

Hawakurudi. Wanyama walikaa kwenye safu zao mpaka vumbi likaisha kabisa upeoni, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kutoka. Aliyetoka kwanza alikuwa Tatu. Alikwenda majini, akainama, akanywa mwenyewe kwa mara ya kwanza, na mama yake akakaa kando yake akimhesabu: mmoja, mmoja, mmoja.

Ndiyo hayo, wanangu: mwenye kupanga hesabu ya kuwamaliza wenzake, ajiulize kwanza yeye mwenyewe amesimama safu gani.